Kompyuta ya Kuongea na Mke Wangu

Mume wangu alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, na watu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima. Aliongea akila, aliongea hata usingizini. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mwepesi wa hasira. Nilizoea kumwambia kwamba siku akinyamaza nitajua amekufa. Utani huo sasa siurudii.

Daktari alisema uvimbe wa koo utolewe haraka, na sauti itaondoka nao moja kwa moja. "Tafuteni kompyuta ndogo," akatushauri. "Yeye ataandika, yenyewe itasema." Nikauza cherehani yangu ya pili, tukaenda dukani.

Muuzaji alikuwa mama mmoja aliyechomeka bisibisi kwenye nywele.

"Ya kazi gani?" akauliza kabla hatujaketi.

Nikakasirika. Muuza sufuria haulizi unakwenda kupika nini. Lakini Redio akajibu, kwa sauti iliyokwishaanza kukwaruza, "Ya kuongea na mke wangu, dada. Wifi yako huyu mkali, kwa hiyo iwe na spika ya kutosha."

Mama akacheka, kisha akauona uvimbe uliochungulia juu ya ukosi, akaacha kucheka. Akatuwekea tatu mezani. Macho yangu yakakimbilia ile mpya yenye kioo kipana. Nilitaka awe na kitu kizuri, angalau kimoja, badala ya kile anachonyang'anywa.

"Hiyo ya watu wa picha na michezo," mama akasema. "Nzito, chaji haikai, na itawamalizia pesa ya dawa. Usinunue sifa, mama, nunua kazi." Akasogeza nyingine, iliyotumika, imechubuka kona. "Hii inakaa mapajani mtu akiwa kitandani. Betri nimeibadilisha. Spika yake inasikika mpaka nje."

Redio akaipima mkononi, akauliza ikiharibika ailete kwa nani, kisha akaanza kupatana bei. "Kizuri chajiuza, dada. Hiki mbona umekitembeza mpaka kimechubuka?" Wateja wengine wakaacha shughuli zao kumsikiliza. Akaiponda, akaisifu, akajifanya anaondoka, akarudi akiwa ametoka jasho. Nilijua ni mara ya mwisho anapatana bei maishani mwake, na nadhani naye alijua, maana hakuwa na haraka kabisa. Nilicheka pamoja nao huku moyo unanipasuka.

Bei ilipokubalika, mama akamsogezea. "Haya, ijaribu. Andika chochote."

"Andika wewe. Vidole vyangu vya sokoni vitakuvunjia mali kabla sijalipa."

Mama akaandika yeye, na sauti ya mwanamume nisiyemjua ikasema, "Habari za asubuhi." Redio akaiiga mpaka duka zima likaangua kicheko.

Jioni ya kuamkia upasuaji nilikaa ukingoni mwa kitanda chake wodini. Akanishika mkono.

"Mke wangu, kuna neno," akanong'ona.

Kikohozi kikambana, kirefu, na mimi nikaumia kama kimenibana mwenyewe. "Pumzisha koo," nikamwambia, kwa ukali wangu ule ule. "Utaliandika."

Akanitazama. Alitaka kusema tena, lakini muuguzi akaja kumtayarisha, akaniomba nitoke. Ndiyo ikawa basi.

Siku alipoweza kukaa, nikamwekea kompyuta mapajani. Ilikaa vizuri sana, kama yule mama alivyosema. Betri ilikuwa imejaa, na sauti nilikuwa nimeipandisha mpaka mwisho.

"Haya, Redio," nikasema. "Nitangazie."

Akatazama vitufe. Kidole chake kikazunguka juu ya herufi bila kugusa hata moja, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mwishowe akabonyeza.

"M," kompyuta ikasema.

Ndiyo herufi inayoanza sahihi yake, ile yenye mikunjo mingi niliyokuwa nikiisifia. Akaibonyeza tena. "M." Kisha akaiweka mikono yake pembeni juu ya shuka, na machozi yakamshuka.

Kumbe! Ile miwani aliyoisahau kila karatasi ilipofika nyumbani. Ile "nisomee wewe, bibie, una sauti tamu." Miaka yote ya ndoa nilidhani ni uvivu, tena nikamgombeza. Mtu aliyelijaza soko zima maneno hakuweza kuandika hata moja. Tulipima uzito, betri, spika na bei, tukachagua vizuri, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kuandika. Nani angemuuliza Redio swali kama hilo?

Nikaifunga kompyuta. Nikamfuta uso kwa ncha ya kanga, nikakosa wa kunifuta mimi.

"Lile neno la jioni ile," nikasema. "Ni hili ulitaka kuniambia?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ni hili tu? Au lilikuwepo na jingine?"

Akafungua mdomo kunijibu.