Mlango wa Mama Kadzo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, Nasimiyu, kabla hujanianzia wewe. Jua la saa sita lilikuwa limeingia kwa dirisha letu la Kawangware, na ndani ya jua vumbi la msasa likielea, jepesi, likinitua kwenye nywele, kwenye kope, kwenye midomo. Nikajilamba. Vumbi lilikuwa na chumvi. Fundi mwenye akili angesimama hapo ajiulize, tangu lini mbao za Nairobi zikawa na chumvi? Mimi nikageuza msasa upande wa pili, nikaendelea.

Nilikuwa naifuta bahari, na nilikuwa naifuta kwa raha.

Unanijua, mimi Lenox wako. Nimepaka kuta za nusu ya Kilimani. Nimepaka mageti ya Karen ambayo yakifunguliwa siruhusiwi kuchungulia ndani. Nilianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili nikaamka nikiuliza kama rangi imemwagika. Kuna tajiri aliyenifukuza asubuhi akaniita tena jioni, na mara zote mbili nilimwacha akicheka. Makofi ya dunia nimeyazoea. Mimi huyapokea kwa shavu na utani. Lakini wivu ulikuwa haujanipiga bado. Ulinikuta hata mikono sijainua.

Ulianza na bahari. Kazi yako iko Upper Hill, ghorofa ya tisa, mahali ambapo hakuna hata bwawa, na kutwa nzima unaitazama bahari kwenye kompyuta. Tufani ikija, upepo utayasukuma maji mpaka wapi? Nyumba zipi zitaingiliwa, zipi zitapona? Ulinieleza kwa beseni la vyombo: ukapuliza upande huu, maji yakapanda upande ule, yakanimwagikia miguuni. Nikacheka. Baadaye sikucheka. Uliijua saa ya maji kujaa Malindi, hukuijua saa niliyorudi nyumbani. Ulijua upepo wa Msumbiji umeamka vipi, hukuuliza mimi nimeamkaje. Mwanamume mwenzangu ningemtafuta nimtazame machoni. Bahari ningeitafutia wapi macho? Iko mbali kilomita mia tano, na bado ilikuwa ikikaa kati yako na mimi mezani.

Kisha ukaenda kwake. Mwezi wa tano tufani ilipita mbali, ikatuma maji tu, na maji yakaingia kijiji kimoja cha kwenye mikoko, yakakaa siku moja na nusu, yakatoka. Mkapanda basi, wewe na Mwololo mwenzako wa ofisini, mkazunguka siku nne nyumba kwa nyumba na swali moja: maji yalifika wapi? Ukanitumia picha. Umesimama kwenye tope hadi magotini, umekunja sketi, unacheka, na Mwololo kando yako ameshika fimbo ya kupimia, ndefu kumshinda. Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu. Nilikuwa natafuta nafasi kati ya bega na bega.

Ukarudi na mlango.

Mlango mzima, wa mbambakofi, mzee kuliko mimi, umefungwa kwa kamba juu ya pikapu. Nyumba ya Mama Kadzo ilikuwa imelala chini, ukasema. Kuta za udongo zimerudi kuwa udongo, na kitu pekee kilichobaki kimesimama ni mlango kwenye fremu yake. Akawaazima. Ukauegemeza sebuleni, pale pale palipokuwa na kiti changu. Katikati yake ulipita mstari wa tope lililokauka, wa kahawia, na juu ya mstari mtu ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa kukera: Maji yalifika hapa. M.

M. Hata jina hakulimaliza, kama mtu anayejua atatambuliwa.

Maji yalifika hapa. Nilikunywa chai nikiyasoma. Nilifunga kamba za viatu nikiyasoma. Kila ukipita unaugusa ule mstari kwa kidole kimoja, polepole, vile ulivyokuwa ukiligusa kovu la begani nililopewa na lile jukwaa. Uliufunika kwa leso usiingie vumbi. Miaka saba mimi narudi nyumbani na vumbi, na leso sijafunikwa. Nikakutania: huyu mgeni wetu anakula, ama anasimama tu? Ukacheka kidogo, ukasema una jambo kubwa la kuniuliza kuhusu huo mlango, tutaongea ukitoka ofisini Jumamosi.

Tutaongea. Nilibeba neno hilo siku tatu. Lilipanda ngazi nami Kilimani, likashuka nami, na kila liliposhuka lilikuwa zito zaidi.

Jumamosi ulipotoka, nikatoa msasa.

Nilianza na M. Kisha maneno. Kisha mstari wenyewe, na tope likawa vumbi, na vumbi likaingia kwenye jua. Halafu rangi nyeupe, rangi ya maji, moja kwa moja juu ya mbao. Fundi yeyote anajua mbao zenye doa hupakwa kwanza andakoti ya mafuta, lizibwe. Hilo ndilo ninalowafokea wenzangu kila siku. Lakini wivu hauna subira ya kungoja andakoti ikauke. Saa tisa mlango ulikuwa mweupe kama ukuta wa zahanati, na mimi nimekaa kwenye kiti changu, mahali pake pa zamani, napiga mluzi.

Ukaingia. Hukupiga kelele, afadhali ungepiga. Ulivua viatu, ukakaa sakafuni mbele ya mlango kama mtu aliyefika hospitalini akaambiwa amechelewa. Ukaongea ukiupa mlango uso na mimi mgongo. Kwamba mkubwa wako, Daktari Wanjugu, hauamini ule mstari. Kwamba mbao hunywa maji kama utambi, huyapandisha juu kuliko yalikosimama, kwa hiyo mstari huenda unadanganya. Ukidanganya, nyumba thelathini na moja zinabaki nje ya ramani ya tahadhari, na tufani nyingine ikija simu zao hazitalia, hakuna atakayewaambia wahame. Ukisema kweli, wanaingia. Mkutano ni Alhamisi. Na ofisi nzima, na digrii zao zote, hakuna anayejua mbambakofi hunywa kiasi gani.

"Nikawaambia mimi niko na mtu," ukasema. "Nikabeba hii mlango kutoka bahari mpaka kwa hii nyumba, fundi, nikuulize swali moja. Hukungoja swali."

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na ilikuwa saa kumi na moja tu. Siku ilikuwa bado na nafasi ya kuniongezea ujinga.

Jumapili tulikaa benchi moja kanisani, mkoba wako katikati. Mchungaji hakuhubiri gharika, Mungu ni mwema. Tukarudi kwa miguu, mimi nyuma, wewe mbele. Ukavuta pazia. Jua likaingia, likaenda moja kwa moja mlangoni, na mlango ulikuwa umetoka jasho.

Kupitia weupe wangu wote, mstari ulikuwa umerudi. Kahawia, mpana, pale pale nilipousaga. Na juu yake, vidole vinne, mstari wa pili, mwembamba, wa manjano, ambao kwenye tope hakuna aliyewahi kuuona.

Nikapiga magoti. Bahari siijui, Nasimiyu. Upepo siujui. Doa nalijua kama jina langu.

"Hapa maji yalisimama," nikakuambia, kidole kwenye kahawia. Nikakipandisha. "Hapa mbao ilikunywa. Ilikunywa hii tu. Mstari wako haudanganyi."

Ulikuja ukachuchumaa. Hukunitazama, lakini bega lako lilikuwa karibu, na mara hii sikuhitaji kuikuza picha. Ningekuwa nimepaka andakoti kama fundi wa maana, mistari yote miwili ingezikwa isionekane tena. Maishani mwangu hiyo ndiyo kazi mbovu pekee iliyonitetea.

Daktari Wanjugu aliukataa mlango uliopakwa rangi na mume mwenye wivu, na simlaumu. Akataka jaribio. Mwololo akaomba mbao tatu za nyumba ile ile, zikatumwa kwa basi, tukazisimamisha kwenye pipa la maji ya chumvi nyuma ya nyumba. Sikwenda kazini. Siku moja na nusu nililinda pipa kama mtu anayelinda sufuria ya jirani, nikifukuza kuku, nikichora alama kila mbao ilipomeza. Vidole vinne. Vinne. Wa tatu, vitano kasoro. Alhamisi ukapanda Upper Hill na mbao zako kwapani, ukarudi na viatu mkononi, umechoka, unatabasamu na ukuta. Thelathini na moja, zote, ndani ya ramani.

Mwololo naye nilimwona alipokuja kukagua pipa. Mfupi, mpole, anaogopa wale kuku. Nilimpa chai, nikaikagua mikono yake. Wivu haukuondoka. Ulisogea tu, ukakunja miguu, ukakaa vizuri.

Leo ni Jumamosi tena. Mama Kadzo anajenga mahali pa juu zaidi, na mlango wake anautaka, na mstari wake anautaka vilevile. Naondoa rangi yangu kwa msasa laini, nikizunguka ile mistari kama kinyozi anayezunguka sikio la mzee. Jua la saa sita. Vumbi linaelea, linanitua kwenye kope, na leo limekutua na wewe, kwenye nywele, kwenye shingo, maana umesimama karibu na penseli yako, unangoja mbao iwe safi. Unaandika upya, kwa mwandiko wako mbaya kama wa daktari: Maji yalifika hapa. Mwishoni huweki herufi yoyote.

Nimejilamba. Chumvi ile ile, ya sebule ya Mama Kadzo, ya watu waliosimama ndani ya maji wakishika fremu. Nimeimeza polepole, kwa adabu.

Na kwa kuwa sifundishiki, nikakuuliza. Nikaileta ile picha, tope, sketi, kicheko. Huyu Mwololo, nikasema, hebu niambie, huko pwani alikuwa na nini ambacho mimi sina?

Ukanifuta chumvi ya mdomoni kwa kidole gumba, na hukunifuta kwa upole.

"Mwololo nilimpa fimbo ashike. Wewe nilikubebea mlango. Kama kuna mtu wa kuona wivu hapa, Lenox, ni yeye."