Aliyekuwa Kwenye Kamba

Jumanne, tarehe 9 Machi, saa nne na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda, mvua haijaanza, na upepo ulipeperusha vumbi la kifusi. Fundi wa visima alikuwa akizungusha mpini wa winchi kwa mikono miwili. Katika kazi yao, kamba ikitikiswa mara moja, kinachopanda ni ndoo ya udongo. Ikitikiswa mara mbili, ni mtu. Safari hii ilikuwa imetikiswa mara mbili. Aliyekuwa akipanda ni msaidizi wake, kijana aliyehitimu kidato cha sita na aliyekuwa akingoja kuingia chuo cha uhandisi. Pale kazini walimwita Profesa.

Mke wa fundi alifika akihema. Aliuona mpini ukizunguka, akadhani kinachopanda ni udongo.

"Baba, binti yako ana mimba. Miezi minne."

"Ya nani?"

"Ya huyo Profesa wako. Mtoto kaniambia mwenyewe, analia mpaka kwikwi."

Mpini ukasimama. Kisima hakifichi sauti; kila neno lilikuwa limeshuka.

"Mzee," kijana aliita kutoka katikati ya shimo, "mbona umesimama?"

Mama akajishika mdomo. "Kumbe si udongo!"

"Ni uchafu ule ule," fundi alijibu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Profesa! Sare za uuguzi za binti yangu zimeshashonwa. Nani atazivaa?"

"Niliogopa, mzee. Ningekwambia nikishafika chuoni."

"Kwa simu?"

Kokoto moja ilidondoka, ikachukua muda kufika chini. Fundi aliukaza mpini, na kamba ikayumba.

"Mzee, ukuta wa kisima ulipokuporomokea mwaka jana, nilikufukua kwa kucha hizi. Nakudai. Nitoe, kisha uniache niende nikasome. Nikimaliza nitarudi kulea."

"Maneno hayo nayajua," mama alisema, naye hakuwa akiongea na shimo. Alimkazia macho mumewe. "Wewe ulisema utarudi mwisho wa mwezi. Ulirudi mtoto ana meno. Nilikuwa nimebakiza muhula mmoja niwe mwalimu, baba. Mmoja! Nikaishia kufua nguo za watu."

Kwa miaka yote ya ndoa yao, mkewe hakuwahi kumtamkia hilo. Jasho lilimwingia fundi machoni na hakuweza kulifuta, kwa maana kuachia mkono mmoja kungekuwa kuua.

"Baba, mpandishe," mama alisema, safari hii taratibu.

Akakaza meno, akazungusha. Kijana alipotokeza na kushika ukingo wa shimo, fundi alimkamata ukosi, akamvutia kwenye kifusi, ndipo akafunga winchi. Wote watatu walibaki wakihema.

"Twende nyumbani," fundi alisema. "Mwaka huu, kati yako na binti yangu, mmoja ataingia chuoni na mwingine atabaki na mtoto. Mtapanga wawili, ana kwa ana, nasi tukisikia. Binti ndiye atakayeanza kusema."

"Mzee, nafasi yangu itapotea. Ulisema mwenyewe siku ile kwamba hutasahau."

"Sijasahau. Ulinipa roho, nami nimekurudishia. Hiyo hapo, unapumua. Hilo limekwisha. Ruhusa ya kumkimbia mwanangu hukunikopesha, kwa hiyo sikulipi."