Kompyuta Inayomfokea Baba

Baba yangu, Mzee Mabhena, hakatai kujifunza. Anachokataa ni kuamrishwa. Nilipompelekea kompyuta aandikie mahubiri yake, aliikodolea macho, akasoma maneno mawili matatu ya Kiingereza, kisha akaifunika kwa kitambaa cha meza.

"Sikhangezile mwanangu," akaniambia, "mabosi wa reli wamenifokea kwa Kiingereza mpaka nimestaafu. Sasa na hiki kinifokee sebuleni kwangu?"

Nikajitia kimbelembele. Kuna watu wachache, nami nikiwemo, tuliokuwa tukitafsiri kwa Kindebele, lugha yetu, sura ya mfumo wa kompyuta uitwao Linux, yaani zile menyu, vitufe na madirisha unayoyaona ukiwasha kompyuta. Ila tafsiri yetu ilikuwa haijaingia kwenye toleo linalogawiwa watu. Ukiitaka, sharti uchukue msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu yakiwa mabichi, uujenge mwenyewe kwenye mashine yako.

"Jumamosi itakuwa tayari, Baba," nikasema. Mdomo wangu huu!

Msimbo ulishuka vizuri. Nikaanza kuujenga, ukagoma: kuna maktaba ya programu, yaani furushi la vipande unavyovitegemea, inakosekana. Nikaitafuta, nikaiweka. Ukagoma tena: maktaba hiyo inaitaka nyingine, mpya kuliko niliyokuwa nayo. Hiyo nayo ikamtaka binamu yake. Ilikuwa kama kupeleka mahari kwa wakwe wakorofi. Kila ukifika mlangoni unaambiwa hujamwona mjomba.

Jumamosi ikaja, ikapita. Baba hakuuliza kitu. Alipita tu nyuma ya kiti changu akikohoa.

Kaka yangu Busani ndiye aliyeuliza. "Vipi, imeshajua kusema?"

"Bado."

"Yangu mimi niliinunua ikiwa imeiva."

"Busani, niondokee hapa."

Hatimaye wajomba wote wakaonekana. Mistari ikaanza kumiminika kwenye kioo, feni ikavuma, na umeme wa Bulawayo, kwa maajabu ya Mungu, ukawepo. Nikaenda jikoni kusonga sima nikiimba. Niliporudi, feni kimya, kioo cheusi.

"Nani ameizima?"

"Mimi," Busani akajibu huku akitafuna. "Ilikuwa inanguruma, halafu ya moto kama pasi. Nikabonyeza kitufe mpaka ikatulia. Nimekuokolea kompyuta, hata asante hakuna?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Mungu anajua nilivyojizuia. Vipande vilivyokuwa vimeshajengwa vilikuwa vimeharibika, ikabidi nivifute nianze upya.

Safari hii Baba mwenyewe akavuta kiti, akakaa kando ya mashine kama mlinzi wa geti, Biblia mapajani. Busani akikatiza tu sebuleni, Baba anamnyooshea kidole: "Wewe, pitia nje!" Mara kwa mara aliinama kuitazama ile mistari.

"Hii ni lugha ya nani?"

"Si ya mtu, Baba."

"Naona."

Ikamaliza. Nikaisimika mashineni, nikazima, nikawasha. Kioo kikawa cheusi tii, na mshale mmoja wa kipanya umesimama katikati kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikalaza kichwa mezani. Baba akanipapasa bega, na hapo ndipo machozi yalipotaka kunitoka.

Kumbe nilikuwa nimeisimika kwenye folda yake ya pekee bila kuuambia mfumo uitafute huko. Kuigundua kasoro hiyo kulinichukua alasiri nzima. Kuirekebisha kukanichukua mstari mmoja. Nikawasha tena, na Kindebele kikajaa kiooni.

Baba akavaa miwani. Akaisoma menyu kwa sauti, taratibu, kama anaita majina ya wanaobatizwa. Akacheka peke yake. Busani naye akachungulia mlangoni. Kisha Baba akafungua dirisha la mipangilio, na uso ukamkunjamana.

"Mbona hapa pote Kiingereza?"

"Hapo bado hapajatafsiriwa."

"Nani alitakiwa kupatafsiri?"

Nikatazama dari. "Mimi."

"Sasa umekaa unafanya nini?"

Baada ya yote yale! Nilitaka kutoka nikatembee mpaka mpakani. Badala yake nikavuta kiti karibu naye, nikaanza na neno la kwanza pale, nikamuuliza printa tuiite vipi kwa lugha yetu. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa.

"Iite printa," akasema. "Twende mbele."