Flashi Arobaini na Tisa

Siku Mzee Njura alipowagawia watoto wake shamba, watu wa Githongo waliofika walihesabu masufuria ya nyama. Celina, bintiye, alihesabu flashi.

Tusimlaumu haraka. Mtu aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye mizani ya kiwanda cha kahawa hawezi tena kutazama kitu bila kukihesabu. Pale kiwandani aliyaona mengi: mawe katikati ya kahawa mbichi, magunia yaliyomwagiwa maji yaongeze uzito, na siku moja mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika, akikandamiza mizani kwa goti huku anamuuliza habari za watoto. Celina akajifunza kwamba anayetaka kukuibia hukuchangamkia kwanza. Hata alipostaafu, tabia hiyo alirudi nayo nyumbani.

Basi alihesabu, akapata flashi arobaini na tisa. Na filamu ni ya picha thelathini na sita. Ukibahatika, mpiga picha akijua kuibana, unapata ya thelathini na saba. Celina ndiye aliyeinunua, moja tu, akaishika kwa mkono wake kabla ya kuiacha studioni. Hata ukimpa mtu hiyo ya thelathini na saba, bado flashi kumi na mbili hazikuwa na mwenyewe.

Utauliza, filamu ya nini siku hizi, wakati hata mchunga mbuzi ana simu ya kupiga picha? Hapo ndipo penye kisa. Shangazi yake, Gacheri, alipofiwa na mume alipeleka kwa wazee wa ukoo picha za simu zinazomwonyesha marehemu akimkabidhi kipande chake cha shamba. Shemeji zake wakacheka. Wakasema hiyo ni kazi ya kompyuta, siku hizi hata kuku unaweza kumvalisha suti. Mashahidi nao, wengine walikuwa wamekufa, na waliobaki wakasahau kwa pamoja, kama watu wanavyosahau wakishapewa sababu. Gacheri anaishi chumba cha kupanga Kianjai mpaka leo. Ila mzee mmoja alisema neno: "Mama, ungekuwa na picha za zamani, zile zenye negativu, sisi tungenyamaza." Celina alilishika neno hilo kama mtu aliyepewa dawa.

Kwa hiyo Mzee Njura alipotangaza kwamba atagawa shamba akiwa hai, nusu kwa Kiambi, mwanawe wa kiume, na nusu kwa Celina aliyeachana na mume na kurudi nyumbani, Celina alikwenda Meru mjini kumtafuta Isak. Isak, mzee wa Kisomali, alikuwa na studio nyuma ya soko tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wapiga picha wenzake wote walikuwa wamehamia kwenye simu na kompyuta; yeye alibaki na kamera zake za filamu, akihudumia maharusi wenye pesa na wazee wenye kichwa kigumu.

Isak alimtajia bei ya filamu ya rangi, na Celina akadhani ametajiwa bei ya kamera.

"Elfu tatu? Filamu moja?"

"Mama Mukiri, usiniangalie hivyo," Isak alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Kila ikija imepanda. Na hiyo ni ya kununua tu. Kuosha ni mpaka Nairobi, hiyo ni pesa ingine. Halafu kila picha ya karatasi inalipiwa peke yake."

"Zamani uliosha hapa hapa. Leo unapiga, kesho nachukua."

"Zamani kulikuwa na mashine ya rangi hapa mjini. Ilikufa. Mimi hapa nyuma naweza kukuoshea nyeusi na nyeupe, bei ya chini kabisa."

Lakini nyeusi na nyeupe haikumfaa. Vigingi vya mpaka vilikuwa vimepakwa rangi, vya Kiambi buluu na vya Celina vyekundu. Kwenye picha isiyo na rangi vyote vingetoka kijivu, na hapo mtu mwenye ulimi angesema vyote ni vya Kiambi. Celina akarudi nyumbani, akauza beberu wake, akalipa.

Siku yenyewe ilipofika, kazi ilikwenda vizuri, vizuri kupita kiasi kwa macho ya Celina. Mzee Njura alimshika Kiambi mkono kwenye vigingi vya buluu, akasema maneno yake, flashi ikawaka. Akaja kwenye vile vyekundu, akamshika Celina mkono, akasema mbele ya wazee, "Kuanzia hapa mpaka mtoni ni pa Celina," flashi ikawaka tena, mara tatu. Celina alilia. Hakuona aibu kulia. Alikuwa na miaka hamsini na minane na ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina lake likitajwa pamoja na udongo.

Lakini hata machozi hayakumzuia kuona mawili. La kwanza, Isak alikuwa na kamera mbili, moja kifuani na nyingine kwenye mfuko, naye alizibadilisha badilisha. Alipomuuliza, alijibiwa, "Hii ni ya akiba, mama." La pili, wakati wa kula, Kiambi, ambaye kazi yake ni kusafirisha miraa kutoka Maua, alimvuta Isak kando ya ghala, akampa furushi limefungwa kwa majani ya mgomba. Walicheka pamoja. Isak akampiga Kiambi begani.

Kikulacho ki nguoni mwako, Celina alijiambia, akaendelea kugawa chai.

Wiki moja ikapita, ya pili ikapita. Akapiga simu studioni. Aliyepokea ni Nasro, binti yake Isak, mwenye sauti ya upole iliyomzidishia Celina wasiwasi.

"Bado, mama. Watu wa Nairobi wanangoja filamu ziwe nyingi ndio wachanganye dawa. Dawa ya rangi ni ghali, na wakishaichanganya haikai."

"Wanangoja mpaka lini?"

"Wakifikisha za kutosha, mama."

Jibu gani hilo? Celina aliweka simu chini akiwa na hakika kwamba filamu yake haijatoka Meru. Pengine ilikuwa kwenye droo. Pengine Kiambi alishaichukua, akaivuta nje ya kopo lake mchana kweupe, ikaungua kwa mwanga. Usiku alilala kidogo. Mchana alikwenda kuvitazama vigingi vyake, akivihesabu: saba, saba, saba.

Mwishowe akampigia Kiambi mwenyewe, amsikie anavyopumua.

"Zile picha zimekawia," alimwambia. "Nasikia huenda zimeharibika."

"Zikiharibika tunarudia," Kiambi alijibu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wa kupakia miraa. "Mimi sina shida. Uniambie siku, nakuja tusimame tena."

Mtu mwingine angeshukuru. Celina aliona ujanja. Mbona amekubali upesi hivyo, kama hajui kitu? Anayetaka kukuibia hukuchangamkia kwanza.

Wiki ya nne Nasro alipiga simu mwenyewe. Picha zimefika. Celina alivaa viatu vya kanisani, akateremka mjini.

Nasro alimpa bahasha juu ya kaunta. Celina alizitoa picha moja moja kwenye kioo. Wazee wamepangana kwenye viti. Mbuzi. Mama wa kanisa. Mzee Njura peke yake na fimbo. Mzee Njura na Kiambi kwenye vigingi vya buluu, kutoka mbele, kutoka kulia, kutoka kushoto, buluu imetoka safi utadhani imepakwa asubuhi ile. Mbuzi tena, sasa ni nyama. Celina mwenyewe alikuwemo kwenye moja tu, nyuma ya watu, amebeba sufuria, mdomo wazi.

Vigingi vyekundu havikuwamo.

Hakupiga kelele. Alitoa negativu, ule ukanda wa kahawia uliokatwa vipande vipande, akaunyanyua dirishani. Pembeni kuna namba, na namba ni kitu alichokijua. Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa: Kiambi. Ishirini: jiko la nyama. Hakuna iliyoruka, hakuna iliyoungua. Picha yake haikuharibika. Haikupigwa.

"Mwite babako," alimwambia Nasro.

Isak alitoka nyuma akipangusa mikono. Alipoona ukanda umeshikwa juu dirishani alisimama.

"Nilihesabu flashi arobaini na tisa, Mzee Isak. Hapa kuna thelathini na sita. Kiambi alikupa nini?"

Isak alimwambia Nasro afunge mlango, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Alinipa miraa. Nikatafuna, ikaisha. Kiambi hana neno kwa hii."

"Usinidanganye."

"Mama Mukiri, mimi nimepiga flashi bila filamu mara nyingi katika maisha yangu. Kwa harusi, watoto wanasumbua, kila mmoja anataka picha, unawasha tu waridhike. Kamera ya pili siku ile ilikuwa tupu, ni kweli. Lakini sijawahi kumfanyia mtu aliyelipa. Wewe ni wa kwanza, na sikulala vizuri."

"Basi ni nani?"

Isak aligusa kiti alichokalia.

"Mzee alikuja hapa. Siku tatu kabla. Alikaa kwa hiki kiti. Akaniuliza filamu ni pesa ngapi, nikamwambia. Akaniuliza ni nani amelipa, nikamwambia ni Celina. Akasema, basi usiharibu pesa ya mtoto wangu. Ya Kiambi piga vizuri, pande zote. Ukifika kwa huyu wa kike, washa mwangaza tu, moyo wake utulie."

Celina alicheka, kicheko kifupi kibaya. Alijua uongo akiusikia, na huu ulikuwa umekatwa na kushonwa. Kumsingizia mzee wa miaka themanini na sita kumfichia Kiambi dhambi! Baba yake alimshika mkono. Alisema jina lake mbele ya wazee.

"Ulikubali kwa nini, kama ni kweli?"

"Shamba ni lake. Nilifikiri hayo ni mambo ya boma." Isak aliinuka, akafungua kabati, akatoa kopo la filamu. "Hii ni yangu mwenyewe. Nakuja nikupigie, na ya kuosha nitalipa mimi."

"Unipige na nani?" Celina aliuliza.

Akachukua bahasha yake akatoka.

Njia nzima alikuwa anapanga. Hatasema neno. Atampa baba yake picha, kisha atangoja. Mzee akiuliza, "Na yako iko wapi?" basi Isak ni mwongo aliyenunuliwa, na kesho yake Celina angerudi kule studioni wasikilizane vizuri. Alitaka sana iwe hivyo. Aliomba aulizwe.

Alimkuta Mzee Njura amekaa nje, anaota jua la jioni. Mzee alivaa miwani, akapokea bahasha kwa mikono miwili. Alizitazama bila haraka. Alimcheka mzee mmoja aliyepigwa akiguguna mfupa. Kwenye zile za Kiambi alikaa, akazipitisha zote tatu tena, akigusa vigingi kwa kidole gumba.

"Rangi imetoka," alisema.

Akafika kwenye ile ya sufuria. "Huyu si wewe, mwari wangu?"

"Ni mimi, Baba."

Akaendelea. Mama wa kanisa, nyama, wazee wakiagana. Ya mwisho aliitazama, akaiweka chini ya nyingine, akazipanga zilingane, akazirudisha ndani ya bahasha.

"Msomali ni fundi," alisema. "Mwekee Kiambi, atakuja Jumamosi."

Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake. Celina alingoja mpaka kungoja kukawa upuuzi.

"Baba, yangu haimo."

Mzee Njura alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, upande mmoja, kisha wa pili. Hakushangaa. Celina angetoa nusu ya kile kipande ili amwone anashangaa.

"Lakini ulisimama mbele ya watu," mzee alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Nikakushika mkono. Mwangaza si uliuona?"

"Niliuona."

"Haya basi."

Akafumba macho, akarudisha uso wake kwenye jua.

Celina aliingia nyuma ya ghala. Uchungu ulimjaa mpaka akashindwa kuuweka mahali, maana nafasi zote alizokuwa ameuandalia, kwa Kiambi, kwa Isak, hata kwa yule binti wa sauti ya upole, hazikuufaa. Mwezi mzima alimshuku kila mtu, na sasa aliona kwamba alifanya vile ili huyu mmoja abaki salama.

Akapiga simu Maua.

"Ni nini, Celina?" Kiambi aliuliza. "Ni zile picha tena?"

"Nilikuwa nakushuku," alisema. "Nilifikiri ni wewe uliyefanya picha yangu isipigwe."

Kelele za wapakiaji zilisikika, kisha zikafifia, kama Kiambi amesogea kando ili amsikie vizuri.

"Haikupigwa? Sasa ni nani?"

Kutoka nyuma ya ghala alimwona baba yake vizuri, mikono imetulia juu ya fimbo, kichwa kimeanza kuinama kwa usingizi. Celina alifungua mdomo mara mbili, na mara mbili akaufunga.