Nyaya za Marehemu Sévère

"Mama Sabine, ile kazi ya bwana yako, serikali iko inairuhusu kweli?"

Jirani yake Georgette aliuliza hivyo Jumapili moja pale Mulongwe, mwaka mmoja kabla ya uhuru, amesimama uani na sahani ya ndagala mkononi. Sévère, bwana wa Mama Sabine, alikuwa ametoka Misa na kuketi mkekani, kufuli saba, kadena kwa kusema kwao, mbele yake, akizifungua moja moja kwa nyaya alizochonga kutoka mbavu za mwavuli uliokufa. Alikuwa fundi wa baiskeli. Wenzake Jumapili walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Yeye alifungua kufuli. Zote zilikuwa zake, alizinunua sokoni kwa bei ya chuma kwa kuwa funguo zilipotea. Kila moja ilipofunguka alicheka kidogo, kisha akaifunga tena.

"Kadena ni yangu, waya ni yangu," alimjibu Georgette. "Nimemwibia nani? Minye mwenyewe?"

"Minye nauliza tu. Siku duka la muntu litafunguka, watatafuta muntu mwenye kujua kufungua."

Swali lile lilimkaa Sévère kifuani. Jumatatu alikwenda kwa mzungu mtawala wa teritwari akarudi na karatasi yenye muhuri: kuwa na vifaa hivi si kosa, mradi mwenye navyo hana nia mbaya, anacheza navyo nyumbani kwake. Akampa mkewe aitunze.

Homa ilimchukua Sévère mwaka wa sitini na mbili. Siku ya kumaliza kilio wazee wa ukoo waligawa vitu vyake. Kwao chombo cha mwanaume hakilali kwa mjane. Kikibaki hata kimoja, marehemu husimama mlangoni, haendi wala harudi. Kopo la nyaya lilimwendea Placide, mdogo wa marehemu, mvuvi. Kufuli wazee walizigeuza-geuza wakasema chuma kisicho na funguo si chombo, wakamwachia mjane.

Karatasi ilibaki sandukuni. Mwezi wa tano wa sitini na nne waasi waliingia Uvira, na aliyekutwa na muhuri wa wazungu alihesabiwa muntu wa wazungu. Mtaa mzima uliwasha moto. Mama Sabine alichoma daftari la kazi la marehemu, karatasi ya kodi, na ile ya nyaya. Juu ya moto uleule alipika sombe, akala.

Mwezi wa kumi jeshi la serikali lilirudi. Huko Kavimvira depo moja ya mali ilikutwa tupu, kadena yake imefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Siku iliyofuata Placide alisimamishwa kwenye bariere ya askari akiwa na kopo kapuni, akatupwa kasho, gereza la polisi. Siku ya nane habari ilimfikia Mama Sabine kwamba kesho lori linapeleka wafungwa Bukavu. Waliopandishwa wiki iliyotangulia, hakuna aliyejua walipo.

Hakulia. Alifunga kufuli saba ndani ya kitenge, akachukua kitabu chake cha Misa, akaenda kwa miguu. Njiani alisali rozari, na alipofika hakukumbuka kama aliimaliza.

Komiseri wa polisi aliitwa Marcellin, muntu mpole aliyechoka. Aliagiza Placide aletwe. Jicho moja la Placide lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Alipomwona shemeji yake aliinua kichwa.

"Ndiye huyu, komiseri! Karatasi iko naye. Siku nane nakwambia."

"Mama, keti," komiseri alisema. "Sheria haisemi kuwa na waya ni kosa. Inauliza, waya ya nini? Huyu anasema ni mchezo wa kaka yake, na mzungu aliandika. Iko wapi hiyo karatasi?"

"Niliichoma."

"Shemeji?" Placide alisema.

"Mwezi wa tano. Kila muntu alichoma."

Askari wa mlangoni alicheka. "Siku hizi kila karatasi ilichomwa! Hata minye, bwana komiseri, diploma yangu ya udaktari iliungua."

Mama Sabine hakumgeukia. Alifungua kitenge, kufuli zikalala mezani. "Hizi ndizo alizochezea bwana yangu, Baba Sabine. Hakuna hata moja iliyotoka mlango wa muntu."

"Zinamtetea marehemu, mama. Minye sikumkamata marehemu."

Mama Sabine aliomba kopo. Alitoa waya mmoja, akauinua mbele ya pua ya komiseri. "Nusa."

Komiseri alinusa, akakunja uso. Magamba yalikuwa yamekaukia chumani.

"Huyu ni mvuvi. Hizi anatolea ndoano kooni mwa sangala. Tazama ncha, Baba Sabine alizipinda, yeye amezinyoosha zote. Hizi hazifungui hata mdomo wa ndagala."

"Kwangu waya ni waya."

"Basi nipe kadena yako."

Komiseri alitoa kadena ya mlango wa kasho akaifunga mbele yake. Mama Sabine alijaribu waya wa kwanza wa kopo, wa pili, mpaka wa mwisho. Kadena haikusogea.

"Anajifanya hajui," askari alisema.

Alijua watasema hivyo. Alifungua kitabu cha Misa kwenye sala za marehemu. Pale katikati, mahali pa utepe, palilala waya mmoja mwembamba, ncha imepinda kama kucha ya kuku. Alihisi Placide akiuona. Hakumtazama. Aliingiza waya, akashusha, akangoja kama Sévère alivyomfundisha mkekani, akageuza. Kadena ilifunguka. Ilikuwa kama kupukuchua haragwe.

Komiseri aliifunga tena, akajaribu nyaya za samaki yeye mwenyewe kwa muda mrefu, jasho likamtoka. Kisha akaziacha.

"Huo waya ni wa nani?"

"Wa marehemu. Niliuficha siku ya kumaliza kilio."

"Kwa nia gani?"

"Kukaa naye."

"Unajua sasa naweza kukuweka ndani weye?"

"Najua. Depo ilipofunguliwa nilikuwa Nyakabere, binti yangu anajifungua. Muulize padri aliyebatiza mtoto."

Komiseri aliandika. "Nitamuuliza. Kuwa na waya si kosa, nilishasema. Lakini huu utabaki hapa." Akauvuta upande wake wa meza. "Mufungulieni huyo aende."

Placide alifunguliwa mikono. Alisimama akijisugua vifundo, akitazama ule waya, kisha kitabu kilichobaki wazi.

"Twende nikupikie," Mama Sabine alisema.

Alizirudisha nyaya za samaki koponi polepole, akafunika, akaliweka kopo mbele ya shemeji yake, katikati ya zile kufuli.

"Miaka miwili," Placide alisema, "kaka yangu amesimama mlangoni."

Akampita askari, akatoka peke yake.