Mrija wa Kulwa, Mrija wa Doto

Siku ile sikuwa nakanyaga chini kwa furaha. Miaka kumi na tisa nawapa watu dawa ya usingizi katika hospitali yetu hapa Tabora, na sikuwahi kupata mapacha wa kupasuliwa asubuhi moja, mmoja baada ya mwenzake. Kulwa na Doto, mabinti wa miaka sita kutoka Ipole, walikuja kuondolewa mafindofindo yaliyowafanya wakorome usiku kucha kama wazee. Tangu saa moja nilikuwa nimeshapanga vifaa vyangu mara mbili, na muuguzi mwenzangu, Consolatha, alikuwa ameshanicheka mara tatu.

Kazi yangu ni hii: mtoto akishalala, nampitishia mrija mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, apumue kwa huo wakati daktari anafanya kazi yake. Mrija ukiwa mwembamba mno, hewa inavujia pembeni, haimfikii. Ukiwa mnene mno, unachubua koo, koo linavimba, na mtoto aliyeingia anapumua anaweza kutoka anatafuta pumzi. Ndiyo maana tuna hesabu yetu. Chukua umri, gawanya kwa nne, ongeza tatu na nusu. Miaka sita inakupa mrija namba tano. Hesabu hiyo naijua kama jina langu, na mimi Asmahani ni mtu wa mtaa wa Kanyenye, kiburi tulikirithi kwa mababu waliokuja na misafara ya pembe za ndovu. Kusahihishwa sikupendi.

Mama yao, Pelagia, aliwaleta wamevaa magauni ya kitenge kimoja na kandambili za rangi moja.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba mwanangu. Kulwa ni yupi?"

Akanionyesha yule mwembamba. Doto alikuwa kibonge, mashavu yamejaa, ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Nikayaweka mafaili yote mawili mapajani ili tumalize upesi.

"Wamewahi kuugua pumu? Degedege? Kulazwa hospitali?"

"Wote wazima, mama."

"Na walipozaliwa?"

"Walizaliwa salama wote."

Nikaweka alama ya vyema huku na huku.

"Mama, naomba jambo moja," Pelagia akasema. "Hawa ni mabasa. Kwetu mapacha hawabaguliwi. Ukimkatia mmoja kipande cha muhogo, na mwenzake kipande hicho hicho. Ukibagua, mmoja anasusa, anaondoka."

Hapo alishusha sauti, na sikuhitaji kuambiwa anaondoka kwenda wapi.

"Ondoa shaka," nikamjibu kwa madaha. "Kwangu watapata sawa kwa sawa. Hata mrija ni namba moja."

Kulwa hakunisumbua. Mrija namba tano uliingia kwa mara ya kwanza, ukakaa, na Dokta Eustace akayatoa yale mafindofindo nikiwa bado najisifu. Mtoto akaamka, akakohoa, akamwita mama yake. Tukampeleka wodini, tukamwingiza Doto.

Doto naye akalala vizuri. Consolatha akanifungulia mrija mwingine namba tano. Nikafungua kinywa, nikamulika, nikaiona milango ya sauti, pale njia ya hewa inapoanzia, imekaa wazi mbele yangu. Nikapitisha mrija. Ukavuka milango, halafu ukagota.

"Ingia wewe!" nikaufokea, kana kwamba una masikio.

Haukuingia. Damu ikanipanda. Huyu ni kibonge kuliko dada yake, hesabu imesema tano, dada yake amechukua tano, sasa huu unanibishia nini? Mkono wangu ulitaka kusukuma. Nasema wazi, ulitaka sana.

"Sukuma kidogo tu, dada Asma," Consolatha akasema. "Mbona kwa mwenzake umepita?"

Neno hilo ndilo lililonishtua. Kwa mwenzake! Nilikuwa nampima Doto kwa koo la Kulwa. Nikauvuta mrija nikautoa, nikamrudishia barakoa usoni, nikambonyezea hewa kwa mkono mpaka kifua kikainuka vizuri.

"Namba nne na nusu," nikasema.

Nao ukavuka milango, nao ukagota palepale. Nikautoa. Mashine ya kupima oksijeni iliyokuwa ikisoma tisini na tisa ikashuka hadi tisini na tatu, na mlio wake ukaanza kushuka nayo. Nikarudisha barakoa haraka. Namba zikapanda.

"Bi Asmahani, tumwamshe tuahirishe?" Dokta Eustace akauliza. Ni kijana mpole, na upole wake siku hiyo ulinichoma kuliko matusi.

"Nipe dakika mbili, daktari. Consolatha, nenda kwa mama yake. Muulize habari za Doto. Za Doto peke yake! Akikwambia habari za wote wawili, mwambie Asmahani amezikataa."

Akatoka mbio. Nikabaki nambonyezea mtoto hewa, pumzi baada ya pumzi, macho yangu hayatoki kifuani pake. Nilimwomba Mungu, na nilijilaani pia.

Consolatha akarudi anahema, amevaa barakoa mpya upande.

"Kwanza amesema wote wazima. Nikamwambia umekataa, akaanza kulia. Dada Asma, walizaliwa njiti, miezi saba. Kulwa alilia. Doto hakulia. Doto aliwekwa kwenye mashine siku kumi na moja, na mrija kooni! Mama mkwe akamkataza asiseme kamwe, kwamba kutaja ugonjwa wa mmoja ni kumtenga na mwenzake."

"Kovu!" nikapiga kelele, hadi Dokta Eustace akaruka. "Ana kovu chini ya milango ya sauti! Mrija wa utotoni umemwachia kovu, njia imekuwa nyembamba hapo! Nipe namba nne!"

Mrija wa mtoto wa miaka miwili kwa binti mwenye mashavu yale! Nikamulika, nikapitisha polepole, nikafika pale pa kugota. Ukateleza. Ukapita bila kulazimishwa. Nikabonyeza mfuko wa hewa, kifua kikapanda pande zote mbili. Nikaweka stethoskopu shingoni pake nikasikiliza: hewa kidogo ilikuwa inavuja kando ya mrija, fss, kidogo tu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana mrija usiovujisha hata kidogo unabana.

"Umekaa!" nikasema. "Jamani, umekaa!" Consolatha akapiga kigelegele kidogo ndani ya barakoa yake, kitu kisichoruhusiwa kabisa mle ndani, na hakuna aliyemkaripia. Tukampa Doto dawa ya kuzuia uvimbe, daktari akafanya kazi yake.

Wakati wa kuutoa mrija hofu ilinirudia yote. Koo likivimba, mtoto huvuta hewa kwa mluzi, na mluzi huo ndio nilioutegea sikio. Nikautoa. Kimya. Doto akakohoa, akavuta pumzi safi, akaangua kilio kinene, kibaya, cha hasira. Na mimi nikalia. Mimi ambaye wauguzi wapya wanaonywa wasinikaribie kabla sijanywa chai.

Wodini nilimkuta Pelagia amesimama kando ya wanawe waliolazwa kitanda kimoja, kama alivyoomba. Methali ilikuwa imeshanifika ulimini, ile ya mficha maradhi. Nikaimeza. Nani aliyeweka alama ya vyema kwenye mafaili mawili kwa swali moja?

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuuliza juu ya wawili, nikakufundisha kujibu juu ya wawili."

Alinitazama kwa woga. "Walipata sawa, mama?"

Ningeweza kumdanganya, akalala usingizi.

"Hapana. Kulwa alipata namba tano, Doto namba nne. Ningewapa sawa, pengine ungerudi Ipole na mmoja."

Nikachukua kadi ya Doto, nikaandika kwamba njia yake ya hewa ni nyembamba na kwamba popote atakapopewa dawa ya usingizi waanze na mrija mdogo. Pelagia alikuwa anaifuata kalamu yangu kwa macho.

"Na Kulwa?" akauliza.

"Kulwa hana kovu."

Akafikiri.

"Basi andika kwa herufi kubwa," akasema, "wasije wakakosea."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Ndipo akainama, akamnyanyua Doto peke yake, akamkumbatia kifuani, akamlilia zile siku kumi na moja ambazo kwa miaka sita hakuwahi kuzililia mbele ya mtu. Nikamtazama Kulwa, nikitegemea atasusa. Kulwa akasogea ukutani, akapigapiga shuka kwa kiganja, akimwonyesha mama yake pa kukaa.