Ramani Nyeupe ya Barabara za Mlimani

Kila mvua kubwa iliponyesha wilayani Hualien, Tseng Yu-han alishinda na simu mkononi. Yeye na mwenzake Chih-yuan ndio waliotengeneza ramani ya barabara zilizofungwa na maporomoko, na madereva wanaowashusha wagonjwa wa figo kutoka vijiji vya mlimani kwenda kusafishwa damu hospitalini waliitegemea.

Asubuhi moja dereva Lahok alipiga.

"Binti, ramani yako nyeupe tupu. Nina bibi wawili garini. Nipite wapi?"

Yu-han aliifungua kwenye kompyuta yake. Ikaja kamili. Akamwelekeza kwa mdomo mpaka gari likafika barabara kuu.

"Kwangu inafunguka," alimwambia Chih-yuan.

"Basi simu yake imechoka, dada. Mimi na ile simu tulizaliwa pamoja."

"Simu ya Lahok haijawahi kunidanganya. Wewe umewahi."

Chih-yuan alicheka, akavuta kiti.

Programu yao ya ramani haikuwa na mashine ya kudumu. Mtu akiomba ramani, ilipewa mashine yoyote huko mtandaoni. Isipoitwa kwa muda, mashine ile hufutwa na vyote vilivyomo. Ili isipakue faili lilelile kila mara, Chih-yuan aliiwekea sharti: kwanza iliulize ghala, mahali faili linapohifadhiwa, kama ramani imebadilika tangu ilipochukuliwa mara ya mwisho. Kama haijabadilika, itumie nakala iliyo nayo.

Ili waone mashine mpya inafanya nini, Yu-han akaiacha programu ilale bila kuiita, wakaenda kula. Waliporudi akaomba ramani. Nyeupe.

"Ndiyo hii," alisema polepole. "Tarehe ya mara ya mwisho tumeiweka pembeni, nje ya mashine, haifutiki. Nakala ilikuwa kwenye mashine, imekwenda nayo. Mashine mpya inauliza, 'Imebadilika?' Ghala linajibu, 'Hapana,' na halitoi kitu. Asubuhi mimi nilipewa mashine nyingine iliyokuwa bado na nakala yake."

Chih-yuan alishika kichwa. "Sharti ni langu."

"Na mimi nililipitisha. Andika: kama hatuna nakala mkononi, tusiulize. Tupakue tu."

Ilikuwa mistari michache. Wakailaza tena programu, wakaiamsha, na ramani ikaja na alama zake nyekundu zote.

Kesho yake mvua haikukatika. Lahok alipopiga, Yu-han aliifungua ramani kwanza ndipo akapokea.

"Binti, daraja la juu limefungwa. Nimeliona kwenye ramani kabla sijatoka, tunapita njia ya chini. Bibi mmoja hapa anauliza kama umeolewa."

"Mwambie niko kazini, mjomba."

"Anasema mjukuu wake naye yuko kazini siku zote. Mtaelewana."